Maumivu ya saratani visiwani Lamu: nani anajibu simu usiku?

Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, mazungumzo ya hospitali zetu yamekuwa ni mazungumzo ya mfumo. Mfumo uko chini, mfumo umerudi, jina lako halimo kwenye mfumo, weka kidole kwenye mashine. Wagonjwa wa saratani na wa figo walikuwa miongoni mwa waliotaabika zaidi miezi ile ya mwanzo, na hasira iliyobaki ni ya haki. Lakini hasira hiyo imezaa fikra ambayo naiona ni ya hatari: kwamba kompyuta na simu katika afya ni mambo ya malipo na ripoti za Nairobi, na kwamba mgonjwa aliyelala kitandani Kizingitini hana lake humo. Upande wa pili wapo wanaoshangilia kila kishikwambi kinachogawiwa kana kwamba kifaa chenyewe ni dawa. Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, napo ni katika kudhani kwamba kazi ya mfumo ni kukusanya habari. Kwa mgonjwa wa saratani anayeumwa, mfumo wa kidijitali una kazi mbili tu zenye maana. Ya kwanza ni kumjulisha leo hii mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha dozi kwamba dozi haitoshi. Ya pili ni kuhakikisha dawa inaagizwa kabla ya chupa kukauka. Mfumo usiofanya haya mawili ni daftari la bei ghali, na unaoyafanya ni sehemu ya tiba.

Tuanze na yanayojulikana. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia Kenya wagonjwa wapya wa saratani wapatao 42,000 na vifo vipatavyo 27,000. Ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio ndizo zinazoongoza, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, wakati maumivu yamekwisha kuwa sehemu ya siku. Dawa ya maumivu hayo si siri wala si teknolojia mpya. Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wake mwaka 1986 na kuupitia upya mwaka 2018: maumivu madogo yana dawa zake za kawaida, na maumivu makali yana mofini. Mofini ya maji hutengenezwa kwa kukoroga unga wa dawa na maji safi, bei yake ni ndogo, na mgonjwa huinywa mwenyewe nyumbani bila sindano. Kinachoitatiza ni saa zake. Nguvu yake hudumu kama saa 4, kwa hiyo hunywewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa apate usingizi. Haina kiwango kimoja kinachowafaa wote. Huanzishwa kidogo, hupandishwa kwa kadiri ya maumivu, na huandamana na dawa ya kulainisha choo, la sivyo mgonjwa ataiacha kwa sababu ya tumbo kabla haijamsaidia. Tiba ya namna hii inataka mtu wa kuuliza na kusahihisha kila baada ya siku chache. Haiendi na kadi ya kliniki inayosema rudi baada ya mwezi.

Sasa iweke tiba hiyo katika ramani ya Lamu. Anayeishi Mkomani au Langoni, ndani ya mji wa Lamu, anaweza kupakiwa kwenye kitanda, akapitishwa vichochoroni na kufika hospitali. Wa Faza, Siyu au Ndau yuko mbali zaidi, na wa Kiunga anategemea boti na bahari. Msimu wa kusi ukichacha kuna siku ambazo nahodha mwenye akili hatoki, hata akiongezwa pesa. Kituo cha saratani cha eneo letu kiko katika hospitali kuu ya Pwani, Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kutoka gati la Mokowe upande wa bara, kupitia Witu, Garsen na Malindi. Mtu mwenye uvimbe uliokwisha kuingia kwenye uti wa mgongo hasafirishwi njia ile ili aambiwe aongeze mililita tano. Kwa hiyo familia hungoja. Hungoja boti, hungoja mwisho wa mwezi, hungoja mwana aliye Mombasa atume nauli, na katika kungoja huko maumivu hupanda bila mtu yeyote mwenye kalamu ya dawa kupata habari.

Tena mgonjwa mwenyewe hasemi. Nimeliona hili nyumbani kwetu. Shangazi yangu alipokuwa akiugua, kila aliyeingia chumbani alimuuliza hali, naye kila mmoja alimjibu, «Alhamdulillah, nafuu.» Siku moja alikuja muuguzi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu mtu mwenye ugonjwa mzito. Yeye hakumuuliza anaendeleaje. Alikunja ngumi mbele yake akamwambia, «Mama, hivi ni huna maumivu kabisa. Vidole vyote vitano ni yale usiyoweza kuyavumilia. Jana usiku ilikuwa vidole vingapi?» Shangazi akautoa mkono chini ya leso, akainua vidole vinne. Wanawe, waliokuwa wakimuuliza kila asubuhi, walikuwa wote pale.

Kipimo kile cha vidole hakikubuniwa na muuguzi yule. Hutumika katika huduma shufaa barani Afrika, na kimeingizwa katika dodoso la Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika ambalo hutumia sufuri hadi tano. Uzuri wake ni kwamba hakimlazimishi mgonjwa kuchagua kati ya kusema kweli na kumshukuru Mungu wake. Kushukuru katika mtihani ni adabu ya imani, na hakuna wa kumnyang'anya mtu adabu hiyo. Lakini salamu hujibiwa kwa salamu, na swali la namba hujibiwa kwa namba. Na namba, tofauti na kilio, inaweza kusafiri. Inaandikwa, inatumwa, inalinganishwa na ya juzi, na inamfikia mtu aliyeko upande wa pili wa maji akaielewa kama alivyoielewa aliyekuwa kando ya kitanda.

Je, kuituma namba hiyo kunabadilisha lolote? Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, ambako Ethan Basch na wenzake waliwafuata wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa. Wagonjwa 325 walipata uangalizi wa kawaida. Wengine waliulizwa mara kwa mara kwa kompyuta kuhusu maumivu, kichefuchefu, uchovu na dalili nyingine, na dalili ilipozidi, muuguzi alipata ujumbe. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliokuwa wakiulizwa waliishi kwa wastani wa kati miezi 31.2, na wenzao 26.0. Watu wameikariri tofauti ile ya miezi mitano hivi wakaacha sehemu ambayo mimi naiona ndiyo kiini: katika zaidi ya robo tatu ya jumbe zile, muuguzi alifanya jambo. Alipiga simu, alibadilisha dawa, alimwita mgonjwa. Kompyuta haikumponya mtu. Ilimwondolea muuguzi kisingizio cha kutojua. Jambo jingine linalotuhusu sisi ni kwamba waliokuwa hawana mazoea ya kompyuta kabla ya utafiti ndio walionufaika zaidi, na hilo linamjibu anayesema kwamba vitu hivi ni vya vijana wa mjini.

Sisemi Lamu ni New York. Nasema vifaa vya kuanzia tayari vipo. Septemba 2023 serikali ya kitaifa iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchi nzima, mikoba ya vifaa na simu zenye programu ya kuandikisha kaya. Programu ile iliundwa kufanya kazi hata pasipo na mtandao, ikahifadhi habari na kuzituma mhudumu anapofika mahali penye mawimbi, na hilo ni jambo kubwa kwa anayezijua kona za Kiwayu na Kiunga. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba kupima presha na kuuliza chanjo za watoto anaweza kuuliza vidole vingapi. Kwa siku ambazo hapiti, simu ya kabambe ya nyumbani inatosha: nambari fupi isiyokata salio, kama ile ya kuangalia kredi, mgonjwa au mwanawe abonyeze tarakimu moja. Hata kuflashi kunatosha, mradi upande wa pili awepo mtu mwenye wajibu wa kupiga simu kurudi.

Wapo wanaolipinga hili kwa hoja nzito. Wanasema dawa kwanza, simu baadaye: ya nini kumuuliza mtu maumivu yake kila siku ikiwa mofini haipo kabatini? Huko ni kumtonesha kidonda bure. Naiheshimu hoja hii, kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni wauguzi waliochoka kusema hakuna. Lakini inaacha nje swali la kwa nini kabati ni tupu. Mofini haiagizwi kama panadoli. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, kila nchi hupeleka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Mihadarati makadirio ya kiasi itakachohitaji kila mwaka, na makadirio hayo hutegemea sana kilichotumika miaka iliyopita. Mzunguko ni huohuo hadi chini hospitalini: famasia huagiza kwa kuangalia daftari la mwezi uliopita. Palipoisha dawa wiki ya pili, daftari linaonyesha matumizi madogo, na matumizi madogo yanasomwa kuwa mahitaji madogo. Wagonjwa waliokaa nyumbani na vidole vinne hawamo popote katika hesabu hiyo. Ndivyo dunia ilivyofikia hali iliyoelezwa na tume ya jarida la Lancet mwaka 2017, kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata sehemu moja ya kumi ya tani. Uhaba wa dawa na ukosefu wa habari vinazaana. Anayesubiri cha kwanza kiishe ndipo ashughulikie cha pili atasubiri sana, maana rekodi ya maumivu ndiyo ushahidi pekee ambao hospitali ya kisiwani inaweza kuupeleka mbele ya wanaogawa dawa na kusema: tazameni, hawa ndio tuliowaacha.

Hoja ya pili, iliyo dhaifu kuliko zote, ndiyo inayosikika zaidi mitaani kwetu, na kwa hiyo inataka jibu kamili. Inasema mofini ni unga tu kwa jina lingine. Kuisambaza majumbani, na kuwa na orodha inayoonyesha iko nyumba gani, ni kuwachorea ramani mateja. Naielewa hofu hii kwa sababu Lamu na Malindi zimezika vijana wengi kwa heroini. Hakuna mtaa usio na mama aliyeuziwa sufuria na mwanawe. Tena ni kweli kwamba heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Ila mtu anayetumia hofu hiyo kumnyima dawa bibi mwenye saratani ya umio anachanganya mambo mawili. Mwili kuizoea dawa, kiasi cha kutaka ipunguzwe polepole ikisimamishwa, ni jambo linalotazamiwa na linalodhibitiwa. Uteja, yaani kuitafuta dawa kwa gharama ya nyumba na heshima, ni jambo jingine, na si kawaida kwa mgonjwa anayekunywa dozi ya kipimo kwa ajili ya maumivu ya saratani. Kuhusu wizi, jibu tunalo hapahapa Pwani. Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni tangu mwaka 2015. Methadoni nayo ni dawa ya jamii hiyohiyo, tena yenye nguvu, na kila siku watu huipanga foleni, hunywa mbele ya mhudumu, na dozi ya kila mmoja huandikwa. Ikiwa tumeweza kuisimamia dawa hiyo kwa watu wenye uraibu kwa miaka yote hii, kwa nini ituelemee ya wagonjwa walio kitandani? Kinachoizuia dawa isivuje ni kumbukumbu. Wauguzi huziita dawa hizi DDA, na wanalijua kabati lake lenye kufuli na daftari lenye sahihi mbili. Daftari hilo likiharibika kwa unyevu au ukurasa ukichanika, hakuna wa kusema chupa ilikwenda wapi. Rekodi ya kidijitali inayoonyesha nani alitoa, nani alipokea, mililita ngapi na tarehe gani inambana mwizi kuliko daftari la wino linaloliwa na mchwa. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 inataka udhibiti, na huu ndio udhibiti.

Siri ya mgonjwa ni suala ninaloliweka mbele zaidi. Mji wa Lamu umebanana, ukuta wa jirani ni ukuta wako, na zipo nyumba ambamo saratani bado haitajwi kwa jina lake mbele ya wageni, hata mbele ya mgonjwa mwenyewe. Simu ni ya mwana, ya mkwe, au ya mtoto wa shule. Ujumbe unaosema «wewe mgonjwa wa saratani, maumivu yako ni mangapi leo» unaweza kumvunjia mtu heshima aliyoilinda mwaka mzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 zinaitaja afya kuwa habari ya kulindwa kwa namna ya pekee, lakini sheria haimzuii shemeji kusoma simu. Hapa kinga ni katika namna ya kuuliza: ujumbe usitaje ugonjwa, usitaje dawa, ubebe tarakimu tu, na mgonjwa aulizwe tangu mwanzo ni nani nyumbani anamwamini. Mhudumu wa afya ya jamii ni jirani pia, na hilo lifikiriwe wakati wa kuchagua nani amhudumie nani.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito hasa ni la wauguzi wenyewe. Muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake na wodi, mama anayejifungua na mtoto mwenye degedege, leo tunamwongezea simu inayolia kwa sababu mtu Mbwajumwali amebonyeza tano. Asipojibu, tumefanya jambo baya kuliko kutofanya lolote, kwa sababu mgonjwa amefunuliwa maumivu yake akaachwa. Mtu aliyejizuia miezi yote akasema kweli mara moja, na kweli yake isijibiwe, hatasema tena. Hapa ndipo miradi mingi hufia: programu huzinduliwa kwa hotuba na maji ya chupa, wahudumu hufundishwa siku mbili, kisha tahadhari huanza kurundikana kwenye skrini ambayo haijapangiwa mtu. Kwa hiyo namwambia yeyote mwenye mpango wa namna hii aanze na orodha ya zamu, programu ifuate. Nani anapokea tahadhari saa nane za usiku? Analipwa posho ya zamu hiyo? Asipojibu katika saa moja, inakwenda kwa nani? Na akijibu, ana mamlaka ya kusema ongeza dozi, au naye anamtafuta daktari ambaye simu yake imezimwa?

Hilo la mamlaka haliepukiki. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kwa sheria wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu ya huduma shufaa kuandika mofini, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Waganda waliona jambo ambalo nasi tunaliona kila siku, kwamba aliye karibu na mgonjwa ni muuguzi. Kwetu pia, hospitali inaweza kumwekea muuguzi mwongozo ulioandikwa na kusainiwa na daktari wa mgonjwa: maumivu yakifika vidole vitatu kwa siku mbili, dozi ipandishwe kwa kiasi hiki, mgonjwa akisinzia kupita kiasi au pumzi ikipungua, dozi isimamishwe na daktari apigiwe mara moja. Bila karatasi hiyo, tahadhari inamfikia mtu aliyefungwa mikono.

Ukiunganishwa na watu, mfumo huanza kuona mambo ambayo kliniki ya mwezi haiyaoni. Chukua Ramadhani. Mgonjwa ameruhusiwa na dini asifunge, lakini wapo wengi wanaofunga, na dozi za mchana huachwa kimya. Rekodi ya kila siku itaonyesha namba zikipanda kuanzia Mwezi Mosi, na muuguzi anayeielewa jamii yake atajua sababu kabla ya kuuliza. Zipo tembe za mofini zinazojiachia taratibu kwa saa 12, ambazo zinaweza kunywewa wakati wa futari na wa daku. Hilo ni jambo la kupangwa Shaabani, daktari akiwa na wakati wa kukokotoa dozi, badala ya kugunduliwa kumi la mwisho. Chukua na maumivu ya mifupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza tibamionzi ya dozi moja kwa mfupa unaouma kwa saratani, kwa kuwa hutuliza maumivu sawa na ile ya kurudiarudia kwa siku nyingi. Kwa mkazi wa Kiunga, safari moja ya Mombasa au wiki mbili za kulala kwa watu ni tofauti kati ya kupata tiba na kuikosa. Kituo cha Mombasa kikiweza kuona mwenendo wa maumivu ya mgonjwa kabla hajaondoka, kinaweza kumpangia siku yake, akafika akatibiwa akarudi.

Yote haya yanakuja kwenye bajeti ya kaunti, na hapo ndipo ningependa wawakilishi wetu wa wadi wabane maswali yao. Wakiletewa pendekezo la kununua vishikwambi au programu ya saratani, wasihoji bei ya kifaa pekee. Wadai kuona katika kurasa zilezile posho ya muuguzi wa zamu ya simu kwa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, mwongozo uliosainiwa wa kubadilisha dozi, na akiba ya mofini ya miezi mitatu iliyokwisha kupelekwa Faza na Kiunga kabla ya Aprili, kusi halijaanza kuvuma.